Mimi na Toutou: Manowari Zilizosafiri Nchi Kavu

Tarehe 27 Oktoba 1876 mashua ya Kiingereza yenye urefu wa futi 40 iliingia mji wa Nyangwe ikiwa mabegani mwa watu. Jina lake Lady Alice. Iliundwa kwa mbao za mwerezi huko Teddington, kando ya mto Thames, ikagawanywa vipande ili wapagazi waweze kuichukua kutoka Bagamoyo. Ilikuwa imekwisha kuzunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875 na Ziwa Tanganyika mwaka uliofuata, kisha ikakatiza nchi ya Maniema kwa miguu ya wapagazi wa msafiri Henry Stanley mpaka ukingoni mwa Lualaba. Tarehe 5 Novemba msafara ukashika njia ya kaskazini, mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, akiusindikiza kwa malipo pamoja na mamia ya watu wake.

Miaka 39 baadaye boti mbili nyingine za futi 40, nazo zimetoka Thames, ziliingia Kongo juu ya magurudumu. Hizi zilikuwa na mizinga na bunduki za rashasha, na zilikuwa mali ya jeshi la majini la Mfalme wa Uingereza. Vitabu vya Ulaya hupenda kuisimulia safari yao kama kichekesho cha maofisa wa ajabu ajabu. Kuchekesha inachekesha, hilo sikatai. Lakini ukiisoma ukiwa upande huu wa ziwa, utaona kwamba sehemu kubwa ya utumishi wa manowari hizo ilifanyika nchi kavu, na walioifanya iwezekane hawakuwa mabaharia.

Uhusiano wa jeshi la majini la Uingereza na nchi hii ulianza kabla ya hapo. Mwaka 1874 Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa majini aliyewahi kushika doria ya kuzuia biashara ya watumwa pwani ya Afrika Mashariki, alifuata ufuo wa Tanganyika kwa mitumbwi akaona mahali ambapo maji ya ziwa hutoka na kuelekea magharibi: mto Lukuga. Wenyeji waliujua mdomo huo tangu zamani, ila Ulaya haikuwa na habari zake. Agosti mwaka huo huo Cameron akafika Nyangwe. Alipima kimo cha nchi na wingi wa maji ya Lualaba, akasadiki kwamba mto huo ndio Kongo wala si Naili. Alichokosa ni mitumbwi. Wagenya, mabingwa wa mto huo, hawakutaka kumuuzia, kama walivyokataa kumuuzia David Livingstone miaka mitatu kabla yake. Safari hii walikuwa na sababu zaidi: tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbi walifyatua risasi katika soko la Nyangwe, mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakauawa au kuzama mtoni. Baada ya siku ile, mgeni mwenye kuomba mitumbwi hakuwa mtu wa kuaminiwa. Basi baharia Cameron akaenda kwa miguu hadi Benguela.

Maji yale aliyoyaona yakitoka ziwani kwa Lukuga huingia Lualaba karibu na Kabalo, hupita Kongolo na maporomoko yake, kisha Kasongo, kisha Nyangwe. Na hapo penye mdomo wa Lukuga, panapoitwa leo Kalemie, ndipo manowari za Waingereza zilipoteremshwa majini mwaka 1915.

Vita vya Ulaya vilipoanza, serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitumaini kwamba koloni lake lingebaki nje, kwa kutegemea makubaliano ya Berlin ya 1885. Tarehe 22 Agosti 1914 tumaini hilo likavunjika. Stima ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilitokea mbele ya Lukuga ikaipiga mizinga stima ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na kuiharibu. Kuanzia siku hiyo Tanganyika, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600, likawa la Wajerumani peke yao. Walikuwa na Hedwig, walikuwa na Kingani iliyo ndogo zaidi, na Kigoma walikuwa wakiunganisha meli ambayo vipande vyake vilikuja ndani ya maelfu ya makasha kutoka kiwanda cha Meyer mjini Papenburg: Graf von Götzen, urefu wake kama mita 70. Iliteremshwa majini Februari 1915. Mzinga wake mkubwa ulitoka katika manowari Königsberg, ile iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja Septemba 1914, kisha ikaishia katika delta ya Rufiji.

Kwa nini ziwa hilo lilikuwa na uzito kiasi hicho? Mwenye kulitawala aliweza kuhamisha askari kutoka Kigoma hadi Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, kwa siku chache, huku adui akitembea kwa majuma. Wabelgiji nao hawakuweza kuvuka kwenda Kigoma na Tabora bila kuzamishwa.

Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika London na wazo lake: zipelekwe boti mbili za kasi kupitia Afrika Kusini na Katanga, zishushwe ziwani kwa siri. Admirali Sir Henry Jackson alikubali. Ilionekana kwake kwamba palipo na maji ya kutosha kuelea chombo, jeshi la majini lina wajibu wa kupigana hapo. Boti zikatafutwa katika kiwanda cha Thornycroft. Jina hilo si geni katika historia ya manowari. Ndilo lililounda Daring mwaka 1893, mojawapo ya manowari za mwanzo kabisa za aina ya destroya, yaani zile nyepesi zenye mbio zilizobuniwa kuwinda mashua za torpedo. Ndilo pia lililounda stima Peace ya wamisionari Wabaptisti, ambayo George Grenfell alipanda nayo mto Kongo mpaka maporomoko ya Kisangani mwaka 1884. Safari hii zilipatikana boti mbili za mbao za mkangazi zilizoagizwa kwa ajili ya Ugiriki, zenye injini za petroli. Zilifungwa mzinga wa ratili tatu mbele na bunduki ya Maxim nyuma.

Aliyepewa uongozi alikuwa Luteni Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, mzaliwa wa Tasmania, mtu aliyekaa katika cheo hicho muda mrefu kuliko wenzake karibu wote. Alikuwa ametumikia destroya, na katika utumishi huo hakupata sifa njema: aliwahi kugonga boti akiwa nahodha. Novemba 1914 meli yake Niger ilipigwa torpedo karibu na Deal yeye akiwa nchi kavu. Alipotumwa Kongo alikuwa mtu wa dawati. Alikuwa na michoro ya chale mwili mzima, alipenda kusimulia ushujaa ambao hakuna aliyeushuhudia, na alipofika ziwani alivaa sketi ya khaki badala ya suruali. Alipendekeza boti zake ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akaleta majina Mimi na Toutou, ambayo kwa mazoea ya watoto wa Kifaransa yana maana ile ile, na wakubwa wakayapitisha bila kuuliza.

Msafara wa watu wasiofika 30 uliondoka Uingereza Juni 1915, ukafika Cape Town mwanzoni mwa Julai. Treni iliwachukua hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, na mbele kidogo mpaka Fungurume mwanzoni mwa Agosti. Hapo reli ikaisha. Mbele yao milima ya Mitumba, kimo cha zaidi ya mita 1,800, na njia ambayo haikuwa njia.

Sehemu hii ndiyo inayostahili kukaliwa kitako. Kila boti iliwekwa juu ya kigari, ikavutwa na trekta la mvuke, na mahali trekta liliposhindwa wakafungwa maksai, na maksai waliposhindwa wakafungwa watu. Mamia ya vibarua walikata miti, wakapasua mawe, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja juu ya vijito na mabonde. Mteremko ukiwa mkali, kamba ilizungushwa kwenye shina la mti mkubwa ili mzigo usiporomoke. Trekta lilihitaji maji na kuni bila kukoma, na kiangazi cha Katanga mwezi Septemba hakina maji ya kugawa. Wanawake wa vijiji vya jirani ndio walioyaleta kwa mitungi kichwani kutoka mbali, mashine za chuma zikayanywa. Iliwachukua majuma sita hivi kufika Sankisia, tarehe 28 Septemba. Kutoka hapo reli fupi ikawashusha Bukama, ukingoni mwa Lualaba.

Mtu angedhani mabaharia wakifika mtoni kazi imekwisha. Oktoba maji ya Lualaba ya juu huwa yamepungua, na mchanga hujitokeza kila kona. Mimi na Toutou zilifungiwa mapipa matupu chini ili zielee juu zaidi, na bado zilikwama tena na tena. Wapiga kasia walishuka majini kuzisukuma. Baadaye stima ya mtoni ilizichukua na kuzikokota. Tarehe 22 Oktoba walifika Kabalo, na reli mpya ya kampuni ya Maziwa Makuu, iliyokamilika mwaka huo huo, ikawapeleka hadi karibu na ziwa mwishoni mwa mwezi. Zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Cape Town, na karibu miezi minne.

Wabelgiji wa Lukuga hawakuwapokea kwa nderemo. Bandari haikuwepo, ikabidi gati lijengwe kwa mawe. Boti ziliteremshwa majini siku mbili tatu kabla ya Krismasi.

Jumapili tarehe 26 Desemba 1915, Spicer-Simson akiongoza sala ya asubuhi, Kingani ilionekana ikija kupeleleza. Alimaliza sala kwanza. Kisha Mimi na Toutou zikatoka nyuma yake. Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele na haukuweza kugeuzwa nyuma, kwa hiyo wawindaji walijiweka makusudi mahali ambapo hauwafikii. Mapigano yalidumu dakika kumi na moja. Nahodha Junge aliuawa pamoja na wenzake kadhaa, bendera ikashushwa. Kingani ilifika pwani ikiwa inazama. Ilizibwa, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi uliotolewa na Wabelgiji, ikaitwa Fifi, na kuingizwa katika jeshi la majini la Uingereza. London ilifurahi mno. Spicer-Simson akapandishwa cheo kuwa Kamanda.

Tarehe 9 Februari 1916 ikaja zamu ya Hedwig von Wissmann, iliyokuja kumtafuta mwenzake asiyerudi. Fifi na Mimi ziliifukuza kwa saa kadhaa. Kila Fifi ilipopiga mzinga wake, kishindo kiliirudisha nyuma na Hedwig ikazidi kupata nafasi. Luteni Wainwright wa Mimi, yenye mbio zaidi, alitangulia mbele akaichokoza Hedwig mpaka ikalazimika kupinda ili kujibu, na kwa kupinda huko ikapoteza mwendo. Fifi ilipobakiwa na makombora machache sana, moja likaingia chumba cha mashine. Hedwig ikazama, nahodha Odebrecht akatekwa na watu wake. Katika mapambano yote mawili hakuna Mwingereza aliyeuawa.

Hedwig alikuwa nani? Mke wa Hermann von Wissmann. Na Wissmann mwenyewe, kabla ya kuwa mtu wa mizinga aliyevunja vita vya Abushiri pwani mwaka 1889, alikuwa kijana msafiri aliyefika Nyangwe Aprili 1882 akitokea magharibi, akapokewa na Waungwana wa mji huo na kusaidiwa kuendelea hadi Tabora na pwani. Upande wa pili, Wabelgiji walikuwa na vipande vya stima kubwa waliyotaka kuiunganisha ziwani, na ndiyo hasa Wajerumani waliyokuwa wakiitafuta kila walipoipeleleza Lukuga. Jina lake Baron Dhanis. Huyu Dhanis ndiye aliyeiteka Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo, na kuuvunja utawala wa Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip. Hivyo mji ambao haukuwa na bandari wala gati ulikuwa na sehemu yake katika pande zote mbili za vita vya ziwa. Aliyepokewa Nyangwe na aliyeichoma moto, wote wawili walikumbukwa kwa stima.

Siku iliyofuata ushindi wa pili, Graf von Götzen ilipita mbele ya Lukuga. Maofisa walimsihi Spicer-Simson atoke. Akakataa. Wengi wamemwita mwoga. Mimi namtetea kidogo: mzinga wa Königsberg ungeweza kuivunja Fifi vipande kabla haijakaribia, na boti za mbao zilizobebwa miezi minne hazikuwa na za kuzirithi. Badala yake akaenda kutafuta meli kubwa zaidi, na hapo ndipo historia hii inapoingia Maniema yenyewe. Kutoka ziwani alishuka magharibi: reli hadi Kabalo, mto hadi Kongolo, kisha reli iliyofunguliwa mwaka 1911 kati ya Kongolo na Kindu, inayokwenda upande wa pili wa mto kutoka Kasongo na Nyangwe, halafu stima na reli tena hadi Stanleyville na Léopoldville. Kule akaipata boti ya chuma ya balozi wa Kiingereza, ikafumuliwa na kuletwa vipande vipande kwa njia ile ile. Alirejea ziwani Mei, mambo yakiwa yamebadilika.

Njia hiyo ya reli na stima, kutoka Matadi mpaka ziwani, ndiyo iliyoamua vita zaidi ya Mimi na Toutou. Kwa njia hiyo Wabelgiji walileta ndege nne za majini walizopewa na Waingereza, wakazifungua makasha na kuziunganisha karibu na Kalemie. Juni 1916 zikaidondoshea Kigoma mabomu. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakiuondoa mzinga mkubwa wa Götzen upelekwe kwa jemadari wao Lettow-Vorbeck nchi kavu, na bomba la bandia likawekwa mahali pake. Meli iliyomtisha Spicer-Simson ilikuwa haina meno tena.

Kwa njia hiyo pia ulipita mpunga. Wakulima wa Kasongo na Nyangwe walikuwa wanalima mpunga tangu enzi za Waarabu na Waungwana. Katika vita, mpunga huo ukawa chakula cha jeshi, na mwaka 1917 serikali ikatoa amri ya kilimo cha lazima ambayo Maniema iliionja kwa miongo iliyofuata. Na pale reli ilipoishia kulikuwa na vichwa na mabega. Jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur liliteka Kigoma mwishoni mwa Julai na Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na katika miaka ya vita Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Watu wa Maniema walikuwamo. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na kwa uchovu, mbali na kombora lolote.

Mwisho wa msafara wa Kiingereza haukuwa na fahari. Juni 1916 boti zilifika Bismarckburg kuwazuia Wajerumani wasikimbie kwa maji wakati jeshi la nchi kavu likiikaribia ngome. Spicer-Simson aliiona mizinga ukutani, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakaondoka kwa mitumbwi na mashua. Ngome ilipoingiwa, mizinga ile ilionekana kuwa magogo ya miti. Muda si mrefu akarudishwa Uingereza kwa ugonjwa. Alipewa nishani ya DSO, akafa Kanada mwaka 1947. Waholoholo wa Lukuga walimpa jina la Bwana Chifungatumbo kwa ajili ya sketi yake, na inasimuliwa kwamba walifinyanga sanamu zake za udongo. Mimi nadhani walikuwa wakimcheka, ila wenyewe Waingereza waliandika kwamba walimwabudu.

Götzen ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 26 Julai 1916, mafundi wakiwa wamepaka mashine grisi kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Toutou ilipelekwa Cape Town kuonyeshwa watu. Mimi na Fifi zilibaki ziwani na huko zikaisha.

Tukihesabu mapigano, Mimi ilipigana mara mbili tu, na kubwa kati ya hayo lilimalizwa na Fifi, chombo cha kutekwa. Ukihesabu safari, hakuna destroya ya Mfalme iliyovuka milima kama ile. Ripoti za msafara zinataja kwa majina kila ofisa, fundi na daktari. Waliovuta kamba Mitumba, waliosukuma kwenye mchanga wa Lualaba, na wapagazi wa Maniema waliokwenda Tabora wakapotelea njiani, hawakuandikwa. Kasongo na Kabambare bado zipo familia zenye babu aliyechukuliwa upagazi katika vita vile. Mwenye jina la babu huyo na aliandike sasa, pamoja na kijiji chake na njia aliyopita, kabla wajukuu wanaolijua hawajaisha.